Mshenga Asiyetumwa

Mwaka 1978, daktari wa watoto James Todd na wenzake wa Denver, Marekani, waliandika katika jarida la Lancet habari za watoto saba wa umri wa miaka 8 hadi 17. Walikuwa na homa kali, upele mwekundu mwilini, macho mekundu, kuchanganyikiwa, na presha ya damu iliyoporomoka. Wengi wao walikutwa na bakteria wa stafilokokasi puani, kooni au ndani ya jipu. Katika damu hawakuwamo. Todd aliuita ugonjwa huo mshtuko wa sumu, maana hakuona namna nyingine ya kueleza jinsi bakteria waliotulia pahali padogo namna ile walivyoweza kumwangusha mtoto mzima.

Maelezo yalipatikana baada ya zaidi ya miaka kumi, nayo yakazaa ubishi ambao haujaisha. Hapa nimewakalisha watu watatu waubishanie. Sauti zao ni za kubuni. Mambo wanayobishania ni ya kweli. Daktari ni mama mtu mzima aliyezeekea wodini. Mtafiti ni kijana wa maabara ya kinga. Mwalimu anafundisha baiolojia kidato cha sita, na ni mtu asiyekubali sentensi ipite bila kuuliza. Hoja ni moja: anayemuua mgonjwa wa mshtuko wa sumu ni bakteria, au ni kinga yake mwenyewe?

MTAFITI: Shikamoo, Mama. Mwalimu, habari za siku?

DAKTARI: Marahaba, mwanangu. Anza wewe. Ila usitumwagie herufi na namba tukazama.

MTAFITI: Nitajitahidi, ingawa herufi mbili tatu hazikwepeki. Tuanze na kawaida ya mwili. Seli T, zile chembe nyeupe zinazoongoza mapambano ya kinga, kila moja ina kipokezi chake. Kipokezi kina minyororo miwili ya protini, alfa na beta, na ncha za minyororo hiyo hutofautiana seli kwa seli. Seli T haioni bakteria mzima. Inasubiri seli nyingine, tuseme makrofaji, immeze bakteria, imkatekate, kisha iweke kipande kidogo cha protini, peptidi, katika mfereji ulio juu ya molekuli inayoitwa HLA ya daraja la pili. Seli T inakagua vitu viwili kwa pamoja, peptidi na HLA iliyoibeba. Kwa peptidi moja ya kigeni, seli T zinazoitambua hazifiki hata moja katika elfu kumi.

MWALIMU: Ndiyo maana mtu anaugua siku kadhaa kabla kinga haijashika kasi. Zile chache zinahitaji muda wa kuzaana.

MTAFITI: Naam. Sasa superantijeni. Ni protini ambayo bakteria huitoa nje ya mwili wake, na haihitaji kukatwakatwa. Ikiwa nzima hivyo hivyo, inaishika HLA kwa nje, mbali na ule mfereji, na kwa upande wake wa pili inakishika kipokezi cha seli T ubavuni, kwenye sehemu ya mnyororo beta tunayoiita V-beta. Peptidi iliyomo mferejini ikiwa ya bakteria, ya virusi au ya mwili wenyewe, haileti tofauti kubwa. Seli mbili zimekwisha kufungwa pamoja, na seli T inaamini imeona adui.

MWALIMU: Basi huyo ni mshenga. Mshenga wa kweli hutumwa: anapeleka posa, wazee wanaulizana ukoo na tabia, ndipo ndoa inafungwa. Huyu hakutumwa na mtu, kaziunganisha nyumba mbili, na maharusi hata nyuso hawajaonana.

MTAFITI: Mfano umekaa, Mwalimu, ila ongeza kitu kimoja. Hafungi ndoa moja. Makundi ya V-beta kwa binadamu ni zaidi ya 20, na kila superantijeni ina makundi yake. Sumu ya TSST-1, ile iliyotambuliwa mwaka 1981 kuwa chanzo kikuu cha ugonjwa wa Todd, inalishika kundi la V-beta 2. Enterotoksini B, sumu nyingine ya stafilokokasi, inashika makundi kadhaa. Ukijumlisha, superantijeni inaweza kuamsha seli T moja katika kila tano, pengine zaidi. Linganisha na ile moja katika elfu kumi.

*

Niingilie kidogo, maana hapa pana kisa ambacho vitabu vya kiada hukiruka. Jina superantijeni lilitokea mwaka 1989 katika makala ya kundi la Philippa Marrack na John Kappler, mtu na mkewe, waliokuwa wakifanya kazi Denver, mji ule ule wa Todd. Walikuwa wakichunguza enterotoksini B kwa panya, wakaona inaamsha makundi fulani tu ya V-beta, na kwamba panya wachanga waliopewa sumu hiyo wanayapoteza makundi hayo. Mwaka uliofuata wao na Todd walichapisha pamoja kazi nyingine iliyoonyesha kuwa kwa wagonjwa wa mshtuko wa sumu, seli T za V-beta 2 zimeongezeka kupita kiasi. Daktari aliyeuona ugonjwa wodini na watu walioiona sumu kwenye panya walikuwa wakiishi mji mmoja. Sayansi nyingi haina bahati hiyo.

Picha za fuwele zilizofuata miaka ya tisini zilithibitisha ule ushikaji wa pembeni. Enterotoksini B inajipachika ubavuni mwa HLA na kukisogeza kipokezi cha seli T kisiikalie peptidi kama kawaida. TSST-1 haifuati mtindo huo kikamilifu: inaegemea juu zaidi na kuigusa peptidi. Kila mshiko peke yake ni dhaifu. Nguvu inatokana na mishiko kuwa miwili kwa wakati mmoja, na wa tatu utatajwa hivi punde.

*

DAKTARI: Nimekuelewa, na ni kazi nzuri. Sasa nionyeshe anayeua.

MTAFITI: Seli T zenyewe, Mama. Zikiamshwa kwa wingi hivyo zinamwaga saitokini: intaleukini 2, interferoni gama, TNF. Makrofaji nazo zinaongeza za kwao. Kuta za mishipa midogo zinaanza kuvuja, maji ya damu yanahamia kwenye nyama, presha inashuka, figo na ini vinakosa damu. Bakteria hahitaji kuingia popote. Mwaka 1992 watafiti wa Ujerumani waliwapa panya enterotoksini B baada ya kuwalegeza ini kwa kemikali. Panya wa kawaida walikufa. Panya waliozaliwa bila seli T waliishi. Wale wasio na seli T walipopandikizwa seli T, nao wakawa wa kufa. Sumu ilikuwa ile ile.

DAKTARI: Panya.

MTAFITI: Nilijua utasema hivyo, basi tuje kwa binadamu. Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park, London, wanaume sita wenye afya zao walidungwa dawa ya majaribio iitwayo TGN1412. Ilikuwa kingamwili ya maabara iliyoundwa kukishika kipokezi cha CD28. Seli T huhitaji ishara mbili ili iamke: ya kwanza ni ile ya kutambua peptidi, ya pili hupitia CD28. Dawa ile ilikivuta CD28 kwa nguvu kiasi kwamba ishara ya kwanza haikuhitajika. Ndani ya dakika 90 walianza kuumwa kichwa, misuli, kutapika, homa, presha kushuka. Kabla ya siku kwisha wote sita walikuwa mahututi. Walinusurika, lakini kwa kuhangaikiwa sana. Hapakuwa na bakteria hata mmoja, Mama. Hapakuwa na sumu. Kulikuwa na seli T zilizoamshwa zote kwa mkupuo.

MWALIMU: Na nyani waliojaribiwa kwa dawa hiyo kabla ya watu?

MTAFITI: Hawakuonyesha dalili hizo. Seli T zao za kumbukumbu hazibebi CD28 kama zetu. Na hapa ndipo pananifurahisha: mwaka 2011 kundi la Raymond Kaempfer wa Yerusalemu lilionyesha kuwa enterotoksini B inakishika CD28 moja kwa moja. Bakteria wamekuwa wakitumia mlango ambao hatari yake sisi tuliijua kwa ajali ya London. HLA, V-beta, CD28: mishiko mitatu.

DAKTARI: Umesema vizuri, nami nakujibu kwa kitu kilichotokea nje ya maabara. Mwaka 1980 Marekani wanawake vijana walianza kuugua mshtuko wa sumu wakiwa katika siku zao. Uchunguzi ulionyesha uhusiano na tamponi za kufyonza sana, hasa aina moja iitwayo Rely, iliyotengenezwa na Procter & Gamble. Septemba mwaka huo kampuni iliiondoa sokoni. Jiulize: kinga za wanawake wale zilibadilika kati ya 1975 na 1980? Hazikubadilika. Bakteria walikuwapo tangu hapo. Kilichobadilika ni mazingira. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba tamponi ile iliingiza hewa pahali pasipo na hewa, na bakteria huyu anahitaji oksijeni ili azalishe TSST-1. Sumu ikaongezeka, watu wakafa. Ukiniuliza nani muuaji, namtaja aliyezalisha sumu.

MTAFITI: Na mamilioni waliotumia tamponi hiyo hiyo wasipate hata homa?

DAKTARI: Walikuwa na kingamwili dhidi ya TSST-1. Watu wazima wengi wanazo, wamekutana na bakteria huyo mapema maishani bila kujua. Waliougua ni wasiokuwa nazo. Kwangu hilo linathibitisha hoja yangu: sumu ikizimwa, hakuna ugonjwa, hata kama seli T zipo zote.

MTAFITI: Lakini si wote wasio na kingamwili wanaozidiwa. Chukua streptokokasi, binamu yake. Mwaka 2002 Malak Kotb na wenzake walichunguza watu walioambukizwa streptokokasi wa kundi A, wengine wakaugua kidogo, wengine wakafikia mshtuko na nyama kuoza. Tofauti kubwa ilikuwa katika HLA. Wenye mkusanyiko fulani wa jeni, DR15 pamoja na DQ6, walikuwa wamekingika zaidi na ugonjwa mkali, kwa sababu HLA zao hazizishiki superantijeni hizo barabara. Bakteria ni yule yule, matokeo yanaamuliwa na mwili.

MWALIMU: Subirini. Nimesikiliza, na kuna jambo mnalipita wote wawili. Mshenga huyu analipwa nini? Kiumbe hawezi kutengeneza protini ya gharama vizazi na vizazi bila faida. Kumuua mwenyeji si faida. Ukimuua umebomoa nyumba unayoishi.

DAKTARI: Mimi huwa nadhani ni ajali, Mwalimu. Karibu theluthi moja ya watu wanabeba stafilokokasi aureusi puani, wala hawaumwi. Mshtuko ni nadra mno. Bakteria hana mpango wa kuua.

MWALIMU: Kuua si mpango wake, sawa. Lakini sumu je?

MTAFITI: Sumu ni mpango, na ushahidi umekusanyika. Mwaka 2014 kundi la John McCormick la Kanada lilitumia panya waliowekewa HLA ya binadamu, maana kwa panya wa kawaida molekuli zao zinazofanya kazi ya HLA hazizishiki sumu hizi vizuri, na hilo lilipotosha majaribio kwa miaka mingi. Streptokokasi aliyenyang'anywa jeni ya superantijeni SpeA alishindwa kujiimarisha puani na kooni mwa panya hao. Katika panya wasio na HLA ya binadamu, SpeA haikumsaidia kitu. Yaani superantijeni ilimfaa bakteria pale tu ilipopata seli za kuzichezea.

MWALIMU: Kuchezea vipi? Kuamsha askari wengi si kujitafutia kifo?

MTAFITI: Wakiamshwa sawasawa, ndiyo. Lakini seli T zilizoamshwa hivi hazina shabaha. Zinazaana haraka, kisha nyingi zinakufa au zinazubaa, hazijibu tena hata zikionyeshwa adui wa kweli. Na zile zilizopaswa kuzisaidia seli B kutengeneza kingamwili zimo katika vurugu hiyo hiyo. Ndiyo maana kuna jambo la ajabu ambalo Mama bila shaka amelisoma: wanawake wengi waliopona mshtuko wa sumu wa wakati wa hedhi hawakujenga kingamwili dhidi ya TSST-1. Wamepitia ugonjwa unaokaribia kuua, na wametoka mikono mitupu. Baadhi yao waliugua tena.

DAKTARI: Hilo nalijua, na linanisumbua. Sikuwa nimelitazama upande huo.

MTAFITI: Na kuna virusi vya uvimbe wa matiti ya panya, vinavyopita katika maziwa ya mama. Navyo vina superantijeni. Vinaingia ndani ya seli B, seli B inaonyesha superantijeni, seli T zinakuja mbio kuisaidia, na msaada huo unazizalisha seli B zenye virusi. Panya walioondolewa seli T za V-beta inayohusika hawapati maambukizi hayo. Mshenga wa panya analipwa waziwazi, Mwalimu. Wa binadamu analipwa kwa kificho.

*

Mwalimu aliuliza pia kuhusu ugonjwa wa Kawasaki, ule wa mishipa ya moyo ya watoto, na kuhusu watoto waliopata inflamesheni ya viungo vingi wiki kadhaa baada ya kupata korona. Kwa yote mawili pamekuwa na dhana ya superantijeni. Ya Kawasaki ilipanda na kushuka: maabara moja iliona V-beta 2 imezidi, nyingine haikuona. Kwa watoto wa korona kuongezeka kwa kundi moja la V-beta kumeonekana mara kadhaa. Kwamba protini ya kirusi ndiyo superantijeni, hilo bado linabishaniwa. Nawaruka, si kwa kuwadharau wagonjwa hao, ila kwa sababu kila homa yenye upele ikiitwa superantijeni neno litapoteza kazi.

Swali la chakula ndilo lililonivutia zaidi. Sumu zinazoitwa enterotoksini ndizo hizo hizo zinazotapisha watu saa chache baada ya kula chakula kilichoshikwa na mikono yenye stafilokokasi kikaachwa katika joto.

*

MWALIMU: Basi kutapika nako ni kazi ya seli T?

DAKTARI: Hapa mwanangu atakubaliana nami. Mtu anaanza kutapika baada ya saa moja hadi sita. Ishara inapitia neva ya vagasi kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Na sumu zilizobadilishwa maabara zikapoteza uwezo wa kuamsha seli T, baadhi ziliendelea kuwatapisha nyani. Nyingine kinyume chake.

MTAFITI: Nakubali. Ni protini moja yenye kazi mbili, na kazi hizo zinaweza kutenganishwa.

DAKTARI: Naongeza la jikoni, maana wanafunzi wa Mwalimu wanapika. Pilau ya shughuli iliyolala nje usiku mzima, ukiipasha moto asubuhi mpaka ichemke, umewaua bakteria. Sumu inabaki. Inavumilia moto wa jiko la kawaida.

MWALIMU: Turudi wodini. Analetwa msichana, homa 40, presha imeshuka. Nani kati yenu anatibu?

DAKTARI: Mimi. Kwanza maji ya mishipa, mengi. Papo hapo natafuta kiwanda: tamponi iliyosahaulika, pamba iliyoachwa puani baada ya kutokwa damu, mshono unaoonekana safi, jipu dogo. Ninatoa, ninafungua, ninasafisha. Kisha antibiotiki mbili. Moja ya kuua bakteria, na klindamaisini. Klindamaisini inakizuia kiwanda cha protini ndani ya bakteria, sumu inakoma kutengenezwa hata kabla bakteria hajafa. Dawa za jamii ya penisilini peke yake hazifanyi hivyo, na katika majaribio ya panya wenye streptokokasi misulini, mwaka 1988, penisilini iliyochelewa haikuwaokoa na klindamaisini iliwaokoa.

MTAFITI: Umetumia panya, Mama.

DAKTARI: Nimetumia, na Swedeni wameona kwa wagonjwa pia kuwa waliopewa klindamaisini waliishi zaidi. Sasa wewe unanipa nini?

MTAFITI: Siklosporini, dawa ya kuilaza kinga, iliwalinda panya wa 1992. Kingamwili za kuchangiwa kutoka kwa wafadhili wa damu zinaweza kuizima sumu. Na kuna peptidi iliyoundwa kuizuia CD28 isishikwe.

DAKTARI: Panya wako unajua saa sumu ilipoingia. Mgonjwa wangu anafika kesho yake, saitokini zimekwisha kumwagika na bakteria bado wanaishi. Nikimlaza kinga yake yote, bakteria atashangilia. Kingamwili za kuchangiwa zilijaribiwa kwa wagonjwa wenye maambukizi ya kuozesha nyama, matokeo ya 2017 hayakuonyesha nafuu. Hiyo peptidi ilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa, haikufikia lengo lake kuu.

MTAFITI: Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na ugonjwa wa superantijeni. Dawa ilijaribiwa kwa watu ambao wengi hawakuwa na ugonjwa wake.

DAKTARI: Hilo ni kweli, na ni hoja nzuri kuliko zote ulizotoa leo. Nipe kipimo kitakachoniambia ndani ya saa moja kuwa sumu ipo, nami nitaitumia dawa yako.

*

Kipimo cha namna hiyo hakijawa cha kawaida kitandani mwa mgonjwa, na kwangu hapo ndipo ubishi unapokatika. Mtafiti ameshinda swali la nani anaua: mkono ni wa kinga yetu, na London ilithibitisha bila bakteria. Lakini swali la nini kifanyike kwanza ni la Daktari, wala hakuna sare. Kinga hii haikuasi, imeshikwa mkono na protini ya kigeni. Anayetaka kuifunga kabla ya kuitafuta protini inakotoka anamsaidia mshenga kuondoka na malipo yake. Kuizuia kinga kutapata nafasi siku tutakapoweza kuwatenga wagonjwa wa superantijeni na wengine wote wanaofika na homa na presha ya chini.

Kwa sasa, msomaji, homa ya ghafla yenye upele kama ngozi iliyoungua na jua, kutapika au kuhara, kizunguzungu na kuchanganyikiwa, hasa kwa aliye katika hedhi, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au mwenye kidonda hata kidogo, isisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo, na umwambie daktari kuhusu tamponi, pamba au kidonda kabla hajauliza.